Kununua fleti ya zamani (kondo) iliyokarabatiwa Chicago: anzia besimenti, malizia jikoni

Jumapili moja ya Machi nilisimama katika sebule ya fleti ya ghorofa ya tatu huko Edgewater, kaskazini mwa Chicago, nikatoa gololi mbili za mwanangu mfukoni. Sakafu ilikuwa mpya, mbao za mwaloni bado zinanuka vanishi. Gololi ya kwanza niliiweka karibu na dirisha la mbele. Ikatulia kidogo, kisha ikaanza kwenda taratibu kuelekea ndani, ikasimama mbele ya ile kaunta nzuri ya jiwe jeupe. Ya pili niliiweka upande wa pili, kwenye mlango wa chumba cha kulala. Nayo ikaja ikasimama pale pale. Nilipouliza, niliambiwa pale zamani palikuwa na ukuta, umeondolewa ili jiko na sebule viwe kitu kimoja. Ukuta ule ndio uliokuwa umeibeba sakafu ya juu na paa. Usiku ule niliingia kwenye kumbukumbu za vibali vya jiji. Hapakuwa na kibali cha kuuondoa. Hatukuinunua.

Waswahili tunasema nyumba njema si mlango, na katika majengo haya mlango ni jiko. Ukinunua kondo, yaani fleti unayoimiliki ndani ya jengo la wengi, unanunua vyumba vyako, na pamoja navyo unanunua fungu la paa, kuta za nje, mabomba ya wima, boila ya kupashia jengo joto, ngazi na msingi. Anayekarabati ili auze hushughulika na vyumba, kwa sababu ndivyo vinavyopigwa picha. Bili kubwa utakazoletewa baadaye hutoka kwenye lile fungu. Najua watu wetu wananunuaje: zamu za usiku kwenye nyumba za wazee, udereva, miaka ya kuweka akiba huku unatuma nyumbani. Pesa ya namna hiyo haifai kuishia kwenye lenta la dirisha lililoliwa na kutu ambalo lingeonekana kwa dakika tano za kutazama juu.

Hatua ya 1: Jua ni jengo la aina gani

Moto mkubwa wa 1871 uliteketeza sehemu kubwa ya Chicago, na baada yake jiji lilibana sana ujenzi wa mbao. Ndiyo maana majengo ya zamani ya fleti utakayoonyeshwa mitaa ya Rogers Park, Uptown, Logan Square, Hyde Park au South Shore ni ya matofali, na mengi yake yalijengwa kati ya miaka ya 1890 na 1920. Kuna ya fleti tatu, moja kila ghorofa. Kuna ya fleti sita, mbili kila ghorofa na ngazi katikati. Kuna ya uani, yenye umbo la herufi U na bustani katikati. Na kuna yale ambayo mbele yamevikwa jiwe la chokaa la kijivu kutoka Indiana.

Hesabu ya fleti ni muhimu kuliko uzuri wa jiwe. Tuseme paa linahitaji dola 36,000. Katika jengo la fleti sita ni wastani wa dola 6,000 kila mwenye fleti, na jirani mmoja asipolipa, sehemu ya sita ya mfuko imekauka. Katika jengo la uani lenye fleti 40 mzigo unagawanyika zaidi, ingawa kuta ni nyingi na vikao ni virefu. Mimi napendelea fleti kuanzia kumi na mbili kwenda juu, lakini nawajua watu wanaoishi vizuri sana kwenye fleti tatu kwa sababu wote watatu hulipa kwa wakati.

Hatua ya 2: Kabla ya kutoka nyumbani, tafuta vibali

Jiji la Chicago limeweka wazi mtandaoni vibali vya ujenzi na makosa ya majengo tangu 2006. Tafuta kwa anwani. Kumbuka jengo la kona, au la uani, huwa na anwani zaidi ya moja, na kibali kinaweza kuwa kimeandikwa chini ya namba nyingine. Jaribu namba zote zilizopo kwenye milango yake.

Linganisha maneno ya kibali na unachouziwa. Kama tangazo linasema bafu la pili jipya, umeme mpya na jiko lililofunguliwa, halafu kibali kinazungumzia makabati na jipsamu tu, basi kazi ya bomba, umeme na ukuta ilifanywa bila mkaguzi wa jiji kuiona. Makosa yaliyoandikwa na hayajafungwa usiyapuuze, hasa yanayotaja roshani za nyuma, kuta au boila.

Hatua ya 3: Zunguka jengo, na uende hadi kichochoroni

Mbele huwa na matofali laini, yamepangwa vizuri. Pembeni na nyuma utakuta matofali ya kawaida ya Chicago, mepesi, yenye rangi ya waridi na manjano, yaliyochomwa kutokana na udongo wa huku huku. Hayo hunywa maji. Basi usiridhike na uso wa barabarani. Ukweli wa jengo uko upande wa kichochoro.

Anza kwa kutazama juu ya madirisha. Juu ya kila dirisha kuna lenta la chuma lililobeba matofali. Maji yakilifikia linashika kutu, na kutu huvimba kwa nguvu inayoweza kuinua ukuta. Dalili yake ni ufa wa mlalo kwenye pembe za juu za dirisha, kisha nyufa zinazopanda kama ngazi kufuata maungio ya matofali. Dirisha moja ni kazi ya kawaida. Ukihesabu madirisha kumi na mawili yenye alama hiyo, umeona mchango maalumu wa wenye fleti unaokuja, hata kama hakuna aliyeutaja. Kisha tazama ule ukuta mfupi unaopita juu ya paa. Unapigwa na mvua na theluji pande zote mbili, na ukiuona umeinama, jumuiya ya wenye fleti ina kazi mbele yake.

Jambo la maungio naomba uniruhusu nilikalie, kwa sababu nimekulia Mji Mkongwe, Unguja, na kosa nilianza kuliona huko. Nyumba zetu za mawe zilijengwa kwa chokaa. Mtu akija akazipaka saruji ili zionekane mpya, unyevu unafungiwa ndani na ukuta unaoza taratibu chini ya lipu nzuri. Huku ni vile vile. Matofali ya miaka mia moja ni laini na yaliunganishwa kwa chokaa laini, ili ukuta upumue na kujinyoosha. Fundi wa haraka akichimbua maungio na kujaza saruji ngumu, unyevu unakosa njia ya kutokea ila kwenye tofali lenyewe. Baridi ikija, maji yanaganda ndani, na tofali linabanduka uso kama ganda la keki. Ukiona matofali yaliyobanduka nyuso huku maungio mapya ya kijivu yamesimama imara katikati yake, ujue matengenezo yenyewe ndiyo yanayoliharibu jengo. Kwaruza ungio kwa ufunguo: la chokaa hutoa unga, la saruji ngumu halitoi kitu.

Hatua ya 4: Ngazi na roshani za mbao za nyuma

Tarehe 29 Juni 2003, roshani za mbao za nyuma za jengo moja la mtaa wa Lincoln Park ziliporomoka watu wakiwa kwenye sherehe. Walikufa watu 13. Tangu hapo jiji limekuwa likizikagua roshani hizi kwa ukali, na wewe nawe zikague. Panda hadi juu kabisa, simama katikati, yumba kidogo. Zikitikisika, shuka. Tazama pale mbao zinaposhikana na ukuta wa matofali: panatakiwa bolti, si misumari. Nguzo zikae juu ya zege, zisizame kwenye udongo. Uliza zilijengwa upya mwaka gani, halafu rudi kwenye vibali uthibitishe.

Hatua ya 5: Besimenti

Dalali atakuonyesha besimenti mwisho, au atasema funguo hana. Omba mrudi siku nyingine akiwa nazo, kwa sababu mimi sijawahi kujifunza mengi kuhusu jengo kama ninavyojifunza humo.

Simama kwanza unuse. Kisha tazama vizimba vya kuhifadhia vitu vya majirani. Kama masanduku yote yameinuliwa juu ya mbao au matofali, hakuna haja ya kuuliza kama maji huingia. Chumvi nyeupe inayochanua ukutani ni maji yaliyopita. Rangi mpya iliyopakwa kuanzia sakafuni hadi magotini tu, uliza kwa nini ikaishia hapo. Mabomba ya chini ya jiji hili yanabeba maji ya mvua na maji machafu pamoja, kwa hiyo mvua kubwa ikizidi, maji yanaweza kurudi ndani kupitia tundu la sakafu. Uliza kama jengo lina vali ya kuzuia maji kurudi. Kama unanunua fleti iliyo nusu chini ya ardhi, lipia kamera ipitishwe kwenye bomba la nje. Mengi ni ya udongo wa kuchoma, na mizizi ya miti huyapenda.

Hapo hapo besimenti, tafuta bomba la maji linapoingia kutoka barabarani. Chicago ililazimisha majengo madogo yatumie mabomba ya risasi mpaka sheria ya Marekani ilipoyapiga marufuku mwaka 1986, na hadi leo hakuna jiji nchini lenye mengi kama hili. Chukua sumaku na sarafu. Likishika sumaku ni chuma. Likikwaruzwa likang'aa rangi ya shaba, ni shaba. Likiwa laini, likakwaruzika kama nta ngumu na kung'aa kama fedha, bila kushika sumaku, ni risasi. Hilo peke yake halinifanyi niikimbie fleti, lakini mwenye mtoto mchanga aweke kichujio kinachoondoa risasi tangu siku ya kwanza. Jiji hupima maji bure ukipiga 311.

Umeme: sheria ya Chicago inataka nyaya zipite ndani ya mabomba ya chuma. Ukiona waya wenye ganda la plastiki umetambazwa waziwazi juu ya boriti, aliyefanya kazi hiyo hakufuata kanuni za jiji, na mtu wa namna hiyo huenda hakufuata kanuni nyingine pia. Vishikizo vidogo vya kauri vyenye nyaya zilizovishwa kitambaa ni umeme wa zamani wa asili. Kama bado unatumika, bima inaweza kukusumbua. Boila nayo ina kibati cha mwaka na kadi ya huduma. Piga picha vyote viwili.

Hatua ya 6: Sasa ingia kwenye fleti

Chukua gololi, pimamaji, chaja ya simu na muda wa kutosha. Sakafu kuinama kidogo katika jengo la miaka mia ni uzee. Sakafu kuinama kuelekea mahali palipoondolewa ukuta ni jambo la mhandisi, na aliyekarabati akuonyeshe boriti gani iliwekwa na kibali chake.

Kisha maji. Jaza sinki la jikoni, jaza beseni la kuogea, halafu vuta vizibo vyote kwa pamoja na upige choo. Sikiliza. Jiko la mwaka jana linamwaga maji kwenye bomba la wima la chuma cha kusubu lililowekwa na mababu, na fleti zote za juu na chini hutumia hilo hilo. Maji yakigugumia, au yakipanda kwenye beseni badala ya kushuka, shida haiko kwenye bafu jipya. Fungua bomba la kuoga kisha mtu afungue la jikoni. Msukumo ukianguka kabisa, kuna mabomba ya chuma ya zamani yaliyozibwa na kutu nyuma ya vigae vipya.

Uliza joto linatoka wapi. Redieta, vile vyuma vya kupashia chumba joto, zikiwepo, kwa kawaida boila ni moja na gharama imo kwenye ada ya mwezi ya jumuiya. Zikiwa zimeng'olewa na kuwekwa tanuri la hewa ndani ya fleti, bili ya gesi ni yako, na ada inapaswa kuwa ndogo. Nimeona fleti ambayo redieta ziliondolewa, lakini mwenye nyumba akaendelea kulipia boila ya jengo kwa sababu mkataba wa jumuiya haukubadilishwa. Alilipia joto mara mbili.

Chomeka chaja kwenye kila soketi. Fungua kila dirisha. Washa feni ya jikoni na uulize hewa inatokea wapi; nyingi zinazunguka tu na kuurudisha moshi wa samaki ndani. Kuta za lipu za zamani huzuia sauti kuliko jipsamu, kwa hiyo nenda jioni pia, wakati majirani wapo.

Rangi yenye risasi ilipigwa marufuku majumbani mwaka 1978. Kwa jengo la zamani zaidi ya hapo, muuzaji analazimika kukueleza anachojua, na sheria inakupa hadi siku 10 za kupima, isipokuwa mkubaliane vingine. Tangu 2010, mkandarasi anayebomoa au kukwangua rangi katika nyumba hizo lazima awe na cheti. Omba kukiona. Vumbi la madirisha ya zamani linalosuguana ndilo linaloingia mikononi mwa watoto.

Hatua ya 7: Karatasi za jumuiya

Hapa ndipo wengi wetu hupita haraka kwa sababu karatasi ni nyingi na lugha ni ya mawakili. Usipite haraka. Sheria ya kondo ya Illinois, kifungu cha 22.1, inampa mnunuzi haki ya kudai nyaraka, na muuzaji ndiye anayepaswa kuzipata kutoka kwa jumuiya: mkataba mkuu uliounda jumuiya na kanuni zake, hali ya mfuko wa akiba, matumizi makubwa yanayotarajiwa mwaka huu na miwili inayofuata, kesi zilizopo, na bima ya jengo. Mwambie wakili azidai kwa maandishi.

Omba pia mihtasari ya vikao ya miaka miwili. Ndani yake hakuna anayekuuzia kitu. Tafuta maneno paa, lenta, maji, mkopo, wakili. Suala likirudi kikao baada ya kikao bila uamuzi, litaamuliwa wewe ukiwa umeshahamia. Katika jengo moja nililowahi kuwa na fleti, muhtasari wa vuli ulisema tu "makadirio ya ukuta wa mashariki yamepokelewa." Sikuuliza makadirio ni kiasi gani. Masika yaliyofuata nililipa.

Ada ndogo isikufurahishe kabla hujaona akiba. Jengo la miaka mia lenye akiba ya dola elfu chache halina ada ndogo. Lina ada ambayo haijaletwa. Baada ya jengo la Surfside, Florida, kuporomoka tarehe 24 Juni 2021 na kuua watu 98, wakopeshaji wamekuwa wakiuliza maswali makali kuhusu akiba na matengenezo yaliyoahirishwa. Jumuiya dhaifu inaweza kukunyima mkopo leo, na kukunyima mnunuzi siku utakapouza.

Angalia asilimia yako ya umiliki katika mkataba mkuu, maana michango hugawanywa kwa hiyo, na fleti kubwa hulipa zaidi. Uliza ni wangapi wana deni la ada. Uliza kama kukodisha kunaruhusiwa, kwa sababu maisha yetu hubadilika: mzazi anaugua nyumbani, unaondoka miezi minane, na fleti haiwezi kukaa tupu.

Kama jengo zima limekarabatiwa na kugeuzwa kondo na mjenzi mmoja, uliza kama bado ndiye anayeiendesha jumuiya. Sheria inataka wenye fleti wachague bodi yao ndani ya siku 60 baada ya asilimia 75 kuuzwa, au miaka mitatu tangu mkataba kusajiliwa, lolote litakalotangulia. Wajenzi wengi hutumia kampuni iliyoundwa kwa jengo hilo tu. Ikishavunjwa, huna wa kumdai: mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Illinois iliamua kuwa wenye fleti hawawezi kuwafuata mafundi wadogo, ambao hawakuwa na mkataba nao, kwa dhamana ile ya kwamba nyumba inakalika, hata mjenzi akiwa amefilisika.

Hatua ya 8: Hesabu ya kodi

Kodi ya jengo inayokwenda serikalini katika Cook County, kaunti yenye Chicago, hulipwa mwaka ukiwa umeshapita, na thamani hukadiriwa upya kila miaka mitatu. Fleti iliyokarabatiwa majuzi mara nyingi bado ina kodi ya wakati ilipokuwa chakavu. Tangazo litakuonyesha kodi hiyo ya zamani. Fanya bajeti ukitumia kodi ya fleti jirani iliyo katika hali nzuri, iliyouzwa kwa bei kama yako. Siku ya kukabidhiana, muuzaji anapaswa kukupa fidia ya kodi ya muda alioishi yeye. Wakili asikubali kiwango cha chini. Na kuna kodi ya uhamisho ya jiji: mnunuzi hulipa dola 7.50 kwa kila 1,000, yaani dola 2,250 kwa fleti ya 300,000. Itenge mapema.

Hatua ya 9: Wakili, mkaguzi, kisha bei

Mikataba ya Chicago kwa kawaida hukupa siku tano za kazi za wakili kuupitia mkataba na za ukaguzi. Ni chache, basi mpange mkaguzi kabla hujasaini. Mwambie waziwazi kwamba unataka aone paa, besimenti, boila na roshani; wengine hukagua fleti tu kwa sababu ndicho ulichonunua, na usipomwambia ataishia jikoni.

Ukipata kasoro za fleti, omba zirekebishwe na fundi mwenye leseni, au upunguziwe bei. Kasoro za jengo hazirekebishwi na muuzaji mmoja. Hapo chukua makadirio, zidisha kwa asilimia yako ya umiliki, na hiyo ndiyo punguzo unaloomba. Akikataa, ondoka na arabuni yako kabla zile siku tano hazijaisha.

Siku moja kabla ya kukabidhiana, rudi kwenye fleti. Fungua mabomba yote tena, washa joto hata kama ni Julai, hakikisha majokofu na mashine ni zile zile ulizoziona. Ukipewa funguo, uliza ya besimenti ni ipi. Mara nyingi husahaulika, na meinswichi yako iko huko.